Kutoka Benaco hadi Arusha: nilivyojifunza kumjibu anayekana

Mimi ni Mhangaza wa Ngara, wilaya ya Tanzania iliyo mpakani na Rwanda, na kazi yangu ni kufundisha Historia sekondari. Kila mwaka ikikaribia tarehe 7 Aprili, siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda, wanafunzi hurudi likizo na maneno waliyoyaokota kwenye simu za kaka zao. Kwamba Rwanda mwaka 1994 ilikuwa vita kama vita nyingine. Kwamba walikufa wa pande zote, sawa kwa sawa. Kwamba mahakama ya Arusha yenyewe, ile ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu wahusika, ilisema hakukuwa na mpango wowote. Hili la mwisho hulitoa kwa mbwembwe, kama mchezaji anayebwaga turufu mezani.

Siwafokei. Hayo nilishayasikia nikiwa na umri wao, tena kutoka vinywani mwa watu waliokuwa wamevuka daraja la Rusumo jana yake.

Wale waliovuka tarehe 28 na 29 Aprili 1994 walikadiriwa kufika 250,000, kwa muda wa siku moja hivi. Sisi wa kijijini hatukuwa na hesabu hiyo. Tulichoona ni barabara iliyojaa vichwa, magodoro, mbuzi, baiskeli zilizopakia bibi vizee, na upande wetu wa daraja lundo la mapanga ambayo askari wa Tanzania walikuwa wakiwanyang'anya watu kabla ya kuwaruhusu kuendelea. Lundo lilikuwa refu kunizidi. Mengi yalikuwa mapanga ya kawaida ya shambani, ya mpini wa mti. Shangazi aliyatazama, akanivuta mkono, akasema twende.

Chini ya daraja mto Kagera ulikuwa unapitisha maiti. Ulikuwa umeanza kabla ya wakimbizi hawajafika na uliendelea baada yao. Zilidondoka kwenye maporomoko, zikaenda na maji hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda wakawa wanazivuta ufukweni. Maelfu walizikwa huko Kasensero, Lambu na Ggolo. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba dunia haikujua, huwa namuuliza ni dunia ipi hiyo, maana mto ulipita nchi tatu.

Wakimbizi walipelekwa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa na kambi yake hapo wakati wa kujenga barabara. Ndani ya wiki chache palikuwa mji wa maturubai mkubwa kuliko mji wowote niliowahi kuuona, na shangazi akaanza kuuza ndizi pale. Mimi nilikuwa mbebaji wake. Kihangaza chetu, Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani sokoni, na wateja walizungumza mbele yetu kama mbele ya ndugu.

Kuna jambo ambalo mgeni asingeliona haraka. Kambi ilipangwa kwa komini walizotoka, yaani wilaya ndogo za Rwanda: watu wa Rusumo huku, wa Murambi kule. Ilikuwa rahisi kwa mashirika kugawa chakula hivyo. Lakini aliyeshika orodha ya komini kambini alikuwa mara nyingi ndiye aliyeishika Rwanda, au mtu wake. Wale waliokuwa wametoa amri mwezi wa nne, mwezi wa tano ndio waliokuwa wakisema nani apate kadi ya mahindi na nani asubiri.

Mmoja wa wateja wa shangazi alikuwa mtu wa orodha. Shati limepigwa pasi, sijui kwa pasi gani katika vumbi lile, na daftari kwapani. Shangazi hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Siku moja, akimhesabia ndizi, alimuuliza: "Baba, wale wa mtoni wameuawa na nani?"

Akajibu bila kusita: "Ni vita, mama. Rais wetu aliuawa, wananchi wakapandwa na hasira. Watu wamekufa pande zote. Hata sisi unatuona hapa, tumepoteza kila kitu."

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi tangu nilipoanza kufundisha, kwa sababu karibu yote niliyokuja kuyasoma baadaye katika maandishi ya wanaokana yalikuwamo. Hakusema hakuna aliyekufa. Asingeweza, mto ulikuwa pale. Alichofanya ni kupanua jambo hadi likakosa mwenyewe. Wauaji wakawa "wananchi", amri ikawa "hasira", waliouawa wakawa "watu", na yeye mwenyewe akajipa nafasi katika foleni ya waliodhulumiwa. Na alikuwa mpole mno. Alilipa vizuri, akamshukuru shangazi, akaenda.

Mwezi wa sita mwaka huohuo maofisa wa wakimbizi walijaribu kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa burugumesitiri wa Murambi, yaani mkuu wa komini. Maelfu ya watu wakawazingira kwa fujo kumtetea. Sisi wauza ndizi tulikimbia na vikapu vyetu. Gatete alikuja kukamatwa Congo-Brazzaville mwaka 2002 na kufikishwa Arusha, ambako mwaka 2011 alikutwa na hatia ya mauaji ya kimbari, yakiwamo ya kanisa la Kiziguro na parokia ya Mukarange. Alipewa kifungo cha maisha, rufani ikapunguza hadi miaka 40. Lakini Benaco, kwa wengi waliokuwa wakila mahindi yale, alikuwa kiongozi anayeonewa.

Nilipofika chuoni ndipo nilipojua kilichokuwa kikisemwa New York na Washington wakati sisi tunauza ndizi. Tarehe 21 Aprili 1994, wiki moja kabla ya ule msafara wa Rusumo, Baraza la Usalama lilipitisha azimio la kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa Rwanda hadi 270 hivi. Serikali ile ya Rwanda iliyokuwa ikisimamia mauaji ilikuwa na kiti ndani ya Baraza hilohilo, na balozi wake aliendelea kukaa. Tarehe 10 Juni msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliwaambia waandishi kwamba kulikuwa na "vitendo vya mauaji ya kimbari", na mwandishi mmoja akamuuliza ni vitendo vingapi vinahitajika ili yawe mauaji ya kimbari. Hakupata jibu la maana. Waliogopa kwamba wakilitamka jina kamili, Mkataba wa mwaka 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari ungewadai wachukue hatua.

Niliposoma hayo nilimkumbuka yule wa daftari. Yeye alikuwa na sababu zake, wao na zao, ila kauli zilifanana: machafuko, pande mbili, wasitishe mapigano. Tangu hapo sikubaliani na wanaosema kwamba kukana huja baadaye, vizazi vikishapita na kumbukumbu kufifia. Kwa Rwanda kulianza pamoja na kuua, na walioshika mapanga hawakuwa peke yao katika kazi hiyo.

Desemba 1996 serikali yetu iliwaamuru wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakarudi kwa daraja lilelile. Wengine hawakurudi, walizama ndani zaidi ya Tanzania au wakasonga nchi nyingine. Miongoni mwa waliobaki alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa burugumesitiri wa Rusumo, ng'ambo tu ya mto kutoka kwetu. Alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Kesi yake ilianza Arusha Julai 2003, na mimi wakati huo nilikuwa nasoma ualimu palepale Arusha.

Mahakama ile ilikuwa na historia yake ya ajabu. Azimio namba 955 lililoianzisha Novemba 1994 lilipingwa na nchi moja tu, nayo ni Rwanda. Serikali mpya ya Kigali ilitaka mahakama, ila si ya aina ile: isiyo na adhabu ya kifo, inayoshughulikia makosa ya mwaka 1994 tu. Watu wa Arusha wengi waliijua kwa magari yake meupe na kodi za nyumba zilizopanda. Mwananchi wa kawaida aliweza kuingia AICC, jengo la mikutano la Arusha ambamo mahakama ilikaa, akaacha kitambulisho, akaketi nyuma ya kioo na kuvaa hedifoni. Nilikuwa nakwenda siku nisizo na vipindi, na mara nyingi nilikuwa Mtanzania pekee kwenye viti vile, ukiondoa walinzi.

Kulikuwa na chaneli ya Kiingereza, ya Kifaransa na ya Kinyarwanda. Niliweka ya Kinyarwanda. Shahidi hukumwona, pazia lilikuwa limevutwa, na jina lake lilikuwa herufi tu. Sauti ndiyo iliyokufikia. Siku moja alikuwa mama ambaye kwa matamshi yake ningeapa ametoka kilima cha ng'ambo ya mto wetu. Alieleza jinsi watu walivyokimbilia kanisa la Nyarubuye. Alitaja mtaa, mteremko, nyumba ya mapadri. Kisha wakili wa utetezi akaanza: ulikuwa umbali gani? Ulimwonaje kama ulikuwa umejificha? Mbona katika maelezo ya kwanza hukusema hivi?

Nilichukia kusikia mama yule akibanwa hivyo. Jirani yangu kwenye viti, mzee wa Kizungu aliyekuwa akiandika muda wote, aliniona nikivuta pumzi akaninong'oneza kwa Kiswahili kibovu: "Mzuri hii. Yeye anabaki imara." Na kweli alibaki. Kila swali lilipopita, kanisa lile lilizidi kuwa na milango, na mauaji yale yakazidi kuwa na saa. Ushahidi ambao hakuna aliyeuvuta huku na huku hauna nguvu ya kumkabili mtu wa daftari. Ule wa Nyarubuye ulivutwa kwa miezi na ukasimama.

Hukumu ilitoka tarehe 17 Juni 2004. Gacumbitsi alikutwa na hatia ya mauaji ya kimbari, ya kuangamiza watu, na ya ubakaji kama kosa dhidi ya binadamu. Mahakama iliridhika kwamba aliongoza mashambulizi ya Nyarubuye katikati ya Aprili, na kwamba alizunguka na gari akitangaza kwa kipaza sauti kuwachochea vijana wabake wasichana wa Kitutsi. Kipaza sauti cha serikali, juu ya gari. Ukishalijua hilo, ile "hasira ya wananchi" unaiweka wapi? Alipewa miaka 30, na mwaka 2006 rufani ikakifanya kifungo cha maisha.

Mwaka huohuo wa 2006, tarehe 16 Juni, katika kesi ya Karemera na wenzake, Chumba cha Rufani kiliamua kwamba kutokea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi Rwanda ni jambo linalojulikana na kila mtu, lisilobishaniwa kwa hoja ya maana, kwa hiyo mwendesha mashtaka hahitaji tena kulithibitisha upya kila kesi. Kilichobaki ni mshtakiwa huyu alifanya nini. Kwangu huo ndio utambuzi wenye uzito kuliko hotuba zote, kwa sababu ulikuja baada ya miaka ya kubishana, na mawakili wa utetezi walipewa nafasi ya kuupinga.

Nilidhani utawanyamazisha wanaokana. Walihama tu chumba.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile turufu ya wanafunzi wangu. Desemba 2008 mahakama ilimhukumu Kanali Théoneste Bagosora, aliyekuwa ofisa mkuu katika Wizara ya Ulinzi ya Rwanda, kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari, lakini ikasema katika kesi hiyo shtaka la kula njama kabla ya tarehe 7 Aprili halikuthibitishwa pasipo shaka. Rufani baadaye ikampa miaka 35. Anayekana huchukua sentensi moja ya hukumu hiyo, anaikata, anaisambaza: "mahakama ilisema hakukuwa na mpango". Haambii mtu kwamba mtu huyohuyo alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari katika kurasa hizohizo. Haambii kwamba Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ya wakati ule wa mauaji, alikiri makosa mwaka 1998, kula njama ikiwamo, wala kwamba Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa familia na wanawake, alitiwa hatiani kwa njama hiyo mwaka 2011 na rufani ikaliacha kosa hilo lisimame. Darasani siku hizi naanza na hukumu ya Bagosora mwenyewe. Namwambia mwanafunzi asome kwa sauti aya anayoitegemea, kisha aya inayofuata. Mara nyingi hahitaji tena nizungumze.

Suala la idadi nalipitisha haraka. Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi ulitaja 800,000, serikali ya Rwanda husema zaidi ya milioni moja. Anayetaka kubishana juu ya tofauti hiyo ili asizungumzie kilichotokea, mwache abishane peke yake.

La "pande zote" ndilo linalohitaji uangalifu, na hapa natofautiana na baadhi ya walimu wenzangu wanaoona ni salama kulikwepa. Askari wa RPF, waasi walioshinda vita na kuunda serikali mpya ya Kigali, waliua raia, Rwanda na baadaye Kongo; ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu Kongo imeandika mengi. Mahakama ya Arusha ilifungwa Desemba 2015 bila kumshtaki hata mmoja wao. Watu 93 walishtakiwa, zaidi ya 60 wakahukumiwa, 14 wakaachiwa huru, wote wa upande mmoja. Hili nalisema mimi kwanza, kabla kijana hajalileta kama siri niliyomficha. Mama aliyepoteza watoto wake Kongo ana haki ya kudai. Lakini kaburi lake halifuti la Nyarubuye, na yeyote anayelitumia kufutia, hata yeye hamjali.

Huko juu majina yaliendelea kubishaniwa. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 7 Aprili kuwa siku ya tafakuri. Januari 2018 ndipo jina rasmi likawa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Mwaka 2020 Marekani na Uingereza zilieleza wasiwasi kwamba jina hilo linawaacha nje Wahutu na wengine waliouawa. Ufaransa ilingoja hadi 2021, tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Duclert iliposema nchi hiyo inabeba lawama nzito, na Rais Macron akaenda Kigali. Nawafundisha hayo kwa sababu yapo kwenye mtihani wa maisha, hata kama hayapo kwenye wa taifa. Ila sijawahi kumwona mtu aliyeacha kukana kwa sababu ya azimio.

Kinachofanya kazi, kwa niliyoyaona, ni kupunguza ukubwa. Anayekana anapenda Rwanda nzima, ukanda mzima wa Maziwa Makuu, mabeberu, ndege ya rais wa Rwanda iliyodunguliwa. Mrudishe kwenye komini moja. Tuzungumzie Rusumo, tarehe 15 hadi 17 Aprili, kanisa moja. Nani alikuwa mkuu? Gari lilikuwa la nani? Waliokuwa ndani walikuwa na silaha gani? Kumbukumbu za mahakama ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, na nyingi zinasomeka kwa yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, mbishi kweli, alinijia baada ya wiki: "Madam, mimi bado naona ndege ichunguzwe." Nikamwambia ichunguzwe kabisa. Akasema: "Ila Nyarubuye hawakuwa na ndege." Sikuongeza neno.

Mwaka jana nilizungumzia haya kwenye mkutano wa wazazi. Mzee mmoja, Mhutu wa Burundi aliyekimbilia kwetu mwaka 1972 na sasa ni raia, alinisubiri nje. "Madam," akasema, "umesema vizuri. Sasa sisi mahakama yetu iko wapi?"

Hakuwa anakana ya Rwanda. Alikuwa anauliza ya kwake. Baada ya uasi ulioanza Aprili 1972, ambao wenyewe uliua Watutsi kusini mwa nchi, jeshi na vijana wa chama tawala waliwasaka Wahutu wenye elimu: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio yanataja kati ya 100,000 na 300,000. Ripoti ya Whitaker kwa Umoja wa Mataifa mwaka 1985 iliyaita mauaji ya kimbari. Tume ya Ukweli ya Burundi ilitamka hivyo Desemba 2021, nayo ikalaumiwa kwa kutazama upande mmoja. Hakuna mahakama iliyowahi kukaa. Hakuna kiti nyuma ya kioo.

Sikuwa na jibu la mahakama, kwa hiyo nilimfanyia ninachowafanyia wanafunzi. Nilimuuliza: shule gani, Mzee? Siku gani? Akakaa kwenye ngazi ya ofisi, akaanza. Sasa huwa naenda kwake Jumamosi na daftari. Anakumbuka vitanda vya bweni kwa mpangilio, nani alilala karibu na mlango, lori lilisimama wapi, nani aliitwa kwanza. Mkewe humsahihisha tarehe, wanagombana, tunaandika zote mbili.

Majina ya walioshika orodha anayajua, lakini hanipi. Watoto wa mmoja wao wanafanya biashara ya maharage na wanawe mpakani Kobero, na mzigo wa msimu huu bado haujalipwa.